Jasho la Tabora Halionekani

Hotuba kwa walimu wa michezo, makocha na wazazi, Tabora Mjini

Mwangaluka!

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa michezo wa shule za msingi na sekondari, makocha wa timu za mitaani, wazazi, na ninyi wanamichezo mliojibanza kule nyuma: asanteni kwa kuja. Nimepewa nafasi nizungumzie maji. Najua wapo wanaojiuliza moyoni, maji nayo yana hotuba? Yanayo, na kwa mji huu hasa.

Tuanze na mtungi. Ukiujaza maji mchana wa Septemba, ukauweka kivulini penye upepo, jioni unakunywa maji ya baridi na friji huna. Udongo wa mtungi unapitisha maji kidogo kidogo hadi nje. Yakifika nje yanakauka, na kila tone linalokauka linaondoka na joto. Mwili wa mchezaji unafanya kazi hiyohiyo kwa kutumia ngozi. Lita moja ya jasho ikikaukia mwilini huondoka na joto linalotosha kuchemsha lita saba za maji, kutoka ubaridi wa kawaida hadi yatokote. Kwa mtoto anayekimbia kwenye jua la saa tisa, hiyo ndiyo njia kubwa ya kupoa aliyonayo.

Sasa tuitazame hewa yetu. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mbali na maziwa makubwa, na kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza zinapokaribia, hewa ni kavu hadi inapasua midomo. Jasho linakauka linapotoka tu. Kocha anamtazama winga wake: jezi kavu, usoni vumbi tupu. Anasema huyu hata jasho hajatoa, aongeze raundi mbili. Angesogea karibu angeona ukungu mweupe kwenye kola ya jezi na chembe za chumvi kwenye nyusi. Ile chumvi ndiyo risiti: maji yameshaondoka, imebaki hesabu yake.

Panda treni uende Kigoma, kama kilomita 400 tu kwa reli, mambo yanageuka. Kule kando ya Ziwa Tanganyika hewa ina unyevu mwingi, hasa wakati wa mvua. Jasho linachuruzika, linadondoka chini, halikauki. Na jasho linalodondoka halipozi mwili. Kwa hiyo timu ya Tabora inayokwenda kucheza Kigoma itajiona imelowa na itadhani inapoa, kumbe joto linabaki ndani. Huku unapoteza maji usiyoyaona. Kule unayaona, lakini hayakusaidii. Kwa macho peke yake huwezi kukadiria, ndiyo maana leo tumekuja na mizani.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mchezaji anakwenda haja ndogo kwanza, anavua viatu, anabaki na bukta kavu na fulana nyepesi, anapanda mizani. Unaandika. Baada ya mazoezi anajifuta jasho kwa taulo, anavaa nguo kavu zilezile za mwanzo, anapima tena. Wengi wanakosea hapo kwenye nguo, maana jezi iliyolowa inabeba jasho ndani yake, na ukimpima nayo utadhani hajapoteza kitu. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji. Ongeza na maji aliyokunywa akiwa uwanjani, hapo umepata jasho lake lote.

Chukueni mfano wa kijana wa miaka 14. Kabla ya mazoezi ana kilo 48.0, baada ya dakika 90 ana kilo 47.2, na katikati amekunywa mililita 400. Amepungua gramu 800, ukiongeza zile 400, jasho lake ni lita 1.2. Ugawanye kwa saa moja na nusu unapata mililita 800 kwa saa. Alichopungukiwa ni kama asilimia 1.7 ya uzito wake. Mstari tunaouogopa ni asilimia 2. Ukivuka hapo mapigo ya moyo yanapanda kwa kazi ileile, mbio zinapungua, na akili inachelewa kuamua, kwa hiyo anapiga pasi isiyo na macho. Makocha wengi huiita hali hiyo uvivu wa kipindi cha pili.

Kijana huyo anahitaji nini wiki ijayo? Hana haja ya kurudisha kila tone akiwa uwanjani. Akipewa mililita 200 kila baada ya dakika 20, mara nne, atakunywa 800, na upungufu wake utabaki gramu 400, chini ya asilimia moja. Hesabu ndiyo hiyo tu. Kwa watoto wa miaka 9 hadi 12, kiasi ni kati ya mililita 100 na 250 kila dakika 20. Wakubwa zaidi wenye jasho jingi wanaweza kufika lita moja kwa saa, na wachache zaidi ya hapo, lakini mizani iseme kwanza.

Wapo watakaosema mtoto atakunywa akisikia kiu. Kwa mazoezi ya nusu saa asubuhi, sawa, sibishani. Lakini mtoto akiwa mchezoni anasahau hata kuitwa na mama yake, sembuse kiu. Kiu yenyewe huja upungufu ukiwa umeshaanza. Ndiyo maana mapumziko ya maji yawe kwenye ratiba ya mazoezi, kama kupasha misuli. Kwenye Kombe la Dunia la 2014 huko Brazil, mechi ya Uholanzi na Mexico mjini Fortaleza ilisimamishwa wachezaji wanywe maji, na wale ni watu wazima wanaolipwa. Refa wa ndondo, yaani mechi za mitaani, hapa kwetu Isevya au Ng'ambo hana sababu ya kuona aibu kupuliza filimbi dakika ya 30.

Na tuseme hili waziwazi. Ipo imani ya zamani kwamba kunywa maji katikati ya mazoezi kunaleta kichomi na kunaua stamina. Kichomi kinakuja mtu akibugia nusu lita kwa mkupuo, au akila ugali akaingia uwanjani nusu saa baadaye. Mafunda machache hayana shida hiyo. Kumnyima mtoto maji kama adhabu, au ili “akomae”, si ukocha, na mwalimu anayefanya hivyo azuiwe leo.

Kabla ya mechi, mambo yaanze mapema. Mechi ni saa 10 jioni? Basi saa 6 mchana mchezaji wa kilo 50 anywe mililita 250 hadi 350, yaani kikombe kimoja kikubwa, pamoja na chakula. Saa 8 aangalie mkojo wake. Ukiwa na rangi hafifu kama maji yaliyokamuliwa limao, yuko vizuri. Ukiwa kama chai ya rangi, aongeze mililita 150 hadi 250, polepole. Vidonge vya vitamini B hugeuza mkojo kuwa njano kali hata kama maji yanatosha, kwa hiyo ulizeni. Lakini mkojo mwekundu au wenye damu mwishoni hauhusiani na kiu. Hiyo inaweza kuwa kichocho, na watoto wetu wanaooga mabwawani wanakipata. Apelekwe zahanati. Mkojo wa rangi ya kola baada ya mazoezi mazito kwenye jua nao ni wa hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu misuli inaweza kuwa imevunjika na figo ziko hatarini.

Nije kwenye kinachonyweka, maana hapa ndipo fedha za wazazi zinapotea.

Kwa mazoezi ya chini ya saa moja, maji matupu yanatosha. Narudia, maji matupu. Mtoto aliyekula mchana ana sukari ya kutosha mwilini na chumvi ya kutosha kwenye mboga zake. Zaidi ya saa moja kwenye jua kali, au mechi mbili kwa siku kama kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, hapo ndipo sukari kidogo na chumvi kidogo vinasaidia. Utumbo una milango inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na vikipita, maji hufuata. Maarifa hayohayo yapo ndani ya ile pakiti ya ORS tunayompa mtoto anayeharisha.

Lakini ORS si kinywaji cha mechi. Mnaikumbuka ile ya nyumbani: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kusawazisha. Chumvi yake ni nyingi kwa sababu anayeharisha anapoteza chumvi nyingi. Kwa mchezaji, zidisha sukari mara mbili na kata chumvi nusu: lita moja ya maji, vijiko 12 vya chai vya sukari, ambavyo ni sawa na vijiko vinne vya chakula, na robo kijiko cha chai cha chumvi. Kamulia limao moja. Hapo sukari ni kama gramu 5 kwa kila mililita 100, kiwango ambacho tumbo linakipitisha haraka. Onja kabla ya kuwapa watoto. Kikiwa na chumvi kuliko machozi, umekosea kipimo, kimwage uanze upya. Kosa la kawaida ni kijiko cha mlima badala ya kijiko cha kusawazisha. Chukua mgongo wa kisu ukwangue juu.

Hapa Tabora tuna asali, tena ya miombo, na sioni sababu ya kununua chupa za vinywaji vya michezo vya rangi ya buluu. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80. Kijiko cha chakula cha asali kina uzito wa kama gramu 21, kwa hiyo vijiko vitatu kwenye lita moja vinakupa sukari ileile ya vijiko vinne vya sukari ya dukani. Ikoroge kwanza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, ndipo umimine kwenye dumu, la sivyo asali yote itakaa chini, wa kwanza kunywa atapata maji na wa mwisho sharubati. Usizidishe. Sehemu kubwa ya sukari ya asali ni ile ya matunda, ambayo ikijaa utumboni inaleta gesi na kuharisha. Msimu wa maembe nao una faida zake: juisi safi ya embe, maji kwa juisi nusu kwa nusu, na chumvi kidogo. Ikiwa nzito, inakaa tumboni.

Sasa glukosi. Tunaijua sote. Mapumziko yanafika, kopo la unga linafunguliwa, kila mchezaji anakinga kiganja na kuramba. Au kocha anamwaga vijiko vinne vya chakula kwenye glasi moja ya maji. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba unga mkavu hauwezi kupita utumboni ukiwa mkavu. Utumbo unalazimika kuvuta maji kutoka kwenye damu ili uuyeyushe kwanza. Yaani tumemkopa maji mtoto ambaye tayari anadaiwa. Ile glasi ya vijiko vinne ina sukari zaidi ya gramu 15 kwa mililita 100, mara mbili ya kiwango ambacho tumbo linaweza kukimudu katikati ya mchezo. Dakika ya 55 tumbo linasokota, anaomba kutoka, benchi linasema amekula vibaya. Kama kopo limeshanunuliwa, lisitupwe. Tumia unga huo mahali pa sukari kwenye kipimo nilichotaja: gramu 50 kwa lita, pamoja na robo kijiko cha chai cha chumvi.

Soda ni hadithi hiyohiyo. Chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari, na gesi juu yake inamjaza mtoto upepo akadhani ameshiba maji. Ikitolewa kama zawadi jioni, si kesi. Isiwe kinywaji cha mapumziko.

Enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ni jambo jingine, na hapa silegezi. Zile chupa na makopo vina kafeini, aghalabu mara tatu ya ile ya soda ya kola kwa ujazo uleule. Inapandisha mapigo ya moyo wa mtoto ambao tayari unakimbia, inaficha uchovu uliokuwa unamwambia apumzike, na inamnyima usingizi usiku wa kabla ya fainali. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka mwaka 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi kwa watoto na vijana. Mfadhili akileta katoni, mshukuruni, muombeni abadilishe na machungwa. Nusu chungwa wakati wa mapumziko ni maji, sukari na ladha kwa pamoja, na tumbo halilalamiki.

Baada ya mchezo, rudisha lita moja na nusu kwa kila kilo iliyopungua, kwa sababu sehemu yake itatoka kama mkojo. Yule kijana wetu wa gramu 800 anahitaji lita 1.2, aigawe kwa saa mbili tatu zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi. Mtindi ni mzuri sana hapa. Una maji, una chumvi, una protini ya kujenga misuli, na unapatikana.

Usalama wa maji niupitie haraka, maana wengi mnaujua. Maji yaliyolala kwenye tenki la shule si salama kwa kuwa tu yalitoka bombani. Chemsha hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Dakika tatu ni za milimani, juu ya mita 2,000, sisi hatujafika huko. Au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, subiri nusu saa. Ndoo iwe na mfuniko na koki. Kopo moja likizunguka midomo 18 linazungusha na mafua na homa ya matumbo, kwa hiyo kila mchezaji awe na chupa yake yenye jina. Na msipeleke dumu moja la lita 20 mkadhani mmemaliza. Wachezaji 18 kwa mililita 800 ni lita 14.4, ongeza nusu lita ya kila mmoja kabla ya kuanza, tayari mmefika 23, na hamjamwagia mtu maji kichwani.

Kuna jambo wanaume tunalikwepa. Wasichana wengi hawanywi maji siku ya safari au ya mechi kwa makusudi, kwa sababu choo cha uwanjani hakina mlango, au kwenye basi anaona haya kuomba lisimame. Unaweza kumhubiria faida za maji mpaka koo likauke, hatakunywa. Dawa yake ni kukagua choo kabla ya timu kufika, kubeba ndoo ya maji, sabuni na khanga ya kuziba mlango, na kupanga basi lisimame kila baada ya saa mbili bila mtu kuomba. Mwalimu wa kike asafiri na timu.

Wakati wa Ramadhani, mazoezi yawe saa moja ya mwisho kabla ya futari, mepesi, au baada ya tarawehe. Kunywa lita moja na nusu kwa mkupuo wakati wa daku hakusaidii, figo zinayatoa asubuhi ileile. Yagawe usiku: kikombe kwenye futari na tende, kikombe kila saa hadi kulala, kikombe kwenye daku pamoja na uji uliotiwa chumvi kidogo.

Timu zinazotoka Makete au Njombe kuja kucheza huku zinahitaji siku 10 hadi 14 ili mwili uzoee joto. Ukizoea, jasho linaanza mapema na linabeba chumvi kidogo. Kama siku hizo hazipo, punguza ukali wa mazoezi siku tatu za mwanzo.

Maji nayo yanaweza kuzidi. Mtoto anayekunywa lita baada ya lita ya maji matupu, kuliko jasho lake, anaizimua chumvi ya damu. Dalili zake zinafanana na za kiu: kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa. Mzazi akiongeza maji, anaongeza ugonjwa. Vidole vilivyovimba hadi pete inabana ni ishara, na mizani ndiyo shahidi: akimaliza mazoezi akiwa mzito kuliko alivyoanza, amekunywa kupita kiasi. Asiongezewe maji, na akiwa amechanganyikiwa awahishwe hospitali.

Na joto likimzidi mtu? Anayumba, anajibu ovyo, anagombana bila sababu, au anaanguka, ngozi inaunguza ukiigusa. Jasho linaweza kuwepo, msidanganywe na hilo. Joto la ndani limepita nyuzi 40. Poza kwanza, safirisha baadaye. Mtoe juani, vua jezi na viatu, mtumbukize kwenye pipa au beseni kubwa la maji hadi shingoni, mtu mmoja akishika kichwa. Pipa hakuna? Mmwagie maji mfululizo, mfunike shuka lililolowa, watu wawili wapepee, shuka likipata joto lilowesheni tena. Barafu ikiwepo, iwekeni kwapani, shingoni na kwenye kinena. Msimnyweshe kitu akiwa hajitambui, maji yataingia mapafuni. Wakati huo mwingine anapiga simu na kutafuta gari. Endeleeni kumpoza hadi ajibu maswali sawasawa, na hata akijibu, daktari amwone.

Mwalimu wa zamu, lile dumu la pili liko wapi? Lisogezwe kivulini. Mizani iko pale chini ya mwembe, nimeweka kipande cha ubao chini yake, maana juu ya mchanga inadanganya. Tuanze na netiboli, wavue viatu, wapite kwanza chooni. Atakayeandika uzito aje na kalamu, na aandike nukta yake: 48 na 48.4 si namba moja.